Kuanzisha Tangi Kubwa la Maji ya Chumvi kwa Fedha Kidogo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Tangi la samaki wa maji ya chumvi lina gharama za aina mbili, na anayeanza kwa kawaida huiona moja tu. Ya kwanza ni gharama ya kununua: kioo, meza, pampu, taa, mawe na chumvi. Ya pili huja kila wiki na haina mwisho: chumvi ya kubadilishia maji, umeme wa hita na pampu, vichujio na chakula. Tuchukue mfano wa tangi lenye lita 400 za maji. Kulijaza mara ya kwanza kunahitaji karibu kilo 15 za chumvi ya akwaria. Ukibadilisha lita 40 kila wiki, utatumia takriban kilo moja na nusu kwa wiki, yaani kama kilo 77 kwa mwaka, ambayo ni mara tano ya chumvi uliyojazia tangi. Kwa sababu hiyo, mwenye mfuko mdogo apange kwanza tangi litakalokuwa rahisi kulilisha na kulisafisha kwa miaka, hata ikibidi achelewe kulianzisha.

Katika kazi hii, muda unaweza kushika nafasi ya fedha karibu kila mahali. Anayeweza kusubiri atapata tangi lililotumika kwa bei ya chini, ataotesha uhai kwenye mawe makavu badala ya kununua mawe yaliyo hai (yenye bakteria na viumbe vidogo ndani yake), na ataongeza samaki mmoja mmoja kadiri anavyopata nafasi. Kuna mambo matatu tu ambayo ninashauri yasifanyiwe ubahili hata kidogo: viungo vya kioo, ubora wa maji, na usalama wa umeme. Mwongozo huu unafuata mtazamo huo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini asianze na tangi dogo. Maji mengi hubadilika polepole. Hita ikiharibika, samaki akifa bila kuonekana, au chakula kikizidi, tangi la lita 40 linaweza kuharibika kwa usiku mmoja, ilhali la lita 400 humpa mwenyewe siku moja au mbili za kugundua kosa na kulirekebisha. Kwa anayejifunza, nafasi hiyo ya kukosea ina thamani kubwa.

Hatua ya 1: Chagua umbo kabla ya ujazo

Msukumo wa maji kwenye kioo hutegemea kina cha maji, wala hautegemei wingi wake. Ndiyo maana tangi refu kwenda juu huhitaji kioo kinene zaidi na bei yake hupanda haraka, ilhali tangi pana na la kina kifupi huweza kubeba maji yaleyale kwa gharama ndogo. Vipimo vya sentimita 150 kwa 60, na kimo cha sentimita 50, hutoa ujazo wa lita 450. Ukishaondoa nafasi ya juu na nafasi ya mawe na mchanga, na ukiongeza maji ya tangi la chini (tangi dogo la pili linalokaa ndani ya meza), utabaki na takriban lita 400 za maji halisi. Umbo hili lina faida nyingine. Uso mpana wa maji huingiza oksijeni kwa urahisi, taa ya kawaida hufika chini bila shida, na mkono wako hugusa mchanga bila kulowa hadi begani. Mwongozo huu wote utatumia vipimo hivyo kama mfano.

Fikiria uzito mapema. Maji ya chumvi ya lita 400 yana kilo 410. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tangi hili lina mita tatu za mraba za kioo, kwa hiyo ongeza kilo 90. Ukijumlisha mawe, mchanga na meza, unapita kilo 600 zinazokaa mahali pamoja. Sakafu ya zege ya chini kabisa ya nyumba hubeba mzigo huo bila wasiwasi. Katika ghorofa ya juu, au kwenye sakafu ya mbao, weka tangi kando ya ukuta unaobeba nyumba, likiwa limekatiza mihimili ya sakafu, na umwulize fundi wa ujenzi kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 2: Tafuta tangi lililotumika na ulikague bila haraka

Hapa ndipo akiba kubwa ilipo. Watu huhama, huchoka au hupunguza vitu nyumbani, na tangi kubwa ni kitu kigumu kuhamisha, kwa hiyo mwenye nalo mara nyingi hukubali bei ya chini mradi liondoke. Uliza kama lilikuwa la maji baridi au ya chumvi, na uulize waziwazi kama dawa yenye shaba iliwahi kutiwa ndani yake. Shaba huua konokono, kamba na matumbawe hata ikiwa kidogo sana, nayo huweza kung'ang'ania kwenye silikoni na kwenye mawe. Ukijibiwa kwamba ilitumika, liache, isipokuwa uko tayari kukata silikoni yote ya ndani na kuiweka upya.

Pitisha ukucha kwenye kila kiungo. Silikoni nzima ni laini na inanesa. Iliyochoka huwa ngumu, hubanduka pembeni, au huonyesha mapovu membamba kati ya kioo na kioo. Mikwaruzo midogo haina madhara, lakini ufa wowote, hata wa urefu wa punje ya mchele kwenye kona, ni sababu ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Ukilinunua, liweke nje juu ya sehemu iliyo sawa kabisa, ulijaze maji hadi juu, kisha ulifunge mkanda wa karatasi kavu chini ya viungo vyote vya nje na uliache kwa saa 48. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Ikiwa unalazimika kutia silikoni upya, tumia silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile inayonuka siki inapokauka. Ondoa silikoni yote ya zamani kwa wembe, futa kioo kwa spiriti, na usitie maji kabla ya wiki moja kwisha. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, na wengi wanaoziba kwa kupaka juu hurudia kazi hiyohiyo baada ya miezi michache.

Hatua ya 3: Meza

Meza ya kununua ni ghali kupita kiasi ukilinganisha na mbao zinazoitengeneza. Mbao za sentimita 5 kwa 10 zinatosha, mradi jambo moja lizingatiwe: uzito ushuke kutoka ukingo wa tangi hadi sakafuni kupitia mbao zilizosimama wima, zikikaliana moja juu ya nyingine, bila kuning'inia kwenye skrubu. Skrubu kazi yake ni kushikilia mbao zisihame. Pigilia plaiwudi nyuma na ubavuni ili meza isiyumbe, paka rangi inayozuia maji kila upande, hasa ndani, na upime kwa pimamaji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Tangi lisilo na fremu ya chini huwekewa karatasi ya povu gumu chini yake ili vijiwe na vinundu vya mbao visikibonyeze kioo. Lenye fremu huwekwa moja kwa moja juu ya mbao.

Hatua ya 4: Tangi la chini na njia ya maji

Tangi la chini ni tangi la pili, dogo zaidi, linalokaa ndani ya meza. Maji hushuka kutoka juu kwa uzito wake, hupita kwenye vichujio, kisha pampu huyarudisha juu. Halina lazima liwe la kuvutia. Tangi lolote lililotumika la lita 80 au 100, lililogawanywa kwa vipande vitatu vya kioo alivyokata fundi vioo, hufanya kazi ileile ya yale yanayouzwa tayari. Gawa vyumba vitatu: cha kupokea maji na kuweka skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu), cha kati cha kuotesha mwani, na cha mwisho cha pampu ya kurudisha.

Njia iliyo salama ya kushusha maji ni tundu lililotobolewa kwenye kioo cha nyuma karibu na ukingo wa juu, likiwa na kisanduku cha kufurikia kinachokusanya maji ya juu. Kabla ya kutoboa, hakikisha kioo hicho hakikupitishwa kwenye moto ili kuimarishwa, kwa maana kioo cha namna hiyo husambaratika chote mara tu biti inapokigusa; vioo vya chini vya matangi mengi ni vya aina hiyo. Kuna namna rahisi ya kujua. Weka skrini ya kompyuta yenye mwanga mweupe nyuma ya kioo, kisha ukitazame kupitia miwani ya jua yenye polaraizi. Kioo kilichoimarishwa huonyesha madoa au mistari ya giza. Cha kawaida huonekana safi. Mabomba ya kufurikia yanayofyonza maji juu ya ukingo wa tangi bila kutoboa ni ya bei nafuu, lakini hewa ikiingia ndani mfyonzo hukatika, na pampu ya chini huendelea kupandisha maji mpaka yamwagike. Mimi siyatumii.

Sasa lifikirie jambo ambalo lazima litokee siku moja: umeme kukatika. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha hugeuka na kufyonza maji ya juu kurudi chini, na halikomi mpaka mdomo wake uguse hewa. Katika tangi langu la kwanza, lililokuwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, niliweka mdomo huo sentimita 12 chini ya maji kwa sababu niliona mkondo unapendeza ukiwa pale. Kila sentimita ya tangi lile ilikuwa na lita 6. Umeme ulikatika usiku, lita 72 zikashuka kwenye tangi la chini lililokuwa na nafasi ya lita 30, na asubuhi nilikanyaga maji ya chumvi kabla sijafika mlangoni. Mbao za sakafu zilivimba na hazikurudi.

Kwa tangi la mfano wetu, kila sentimita ya kina ni lita 9. Weka mdomo wa bomba la kurudisha sentimita moja tu chini ya uso wa maji, toboa kitundu kidogo cha kuingiza hewa pale pale usawa wa maji, na ukisafishe kila mwezi kwa sababu konokono na mwani hupenda kukiziba. Kisha fanya majaribio mawili ukitumia maji ya kawaida, kabla ya chumvi na kabla ya samaki. Jaribio la kwanza: zima pampu na utazame maji yanavyoshuka. Uso wa maji ukishuka sentimita 3, hizo ni lita 27, ongeza na yaliyo ndani ya mabomba. Tangi la chini lisalie na nafasi ya ziada hata baada ya kuyapokea yote. Chora alama kwa kalamu isiyofutika kwenye kiwango cha juu kinachoruhusiwa wakati pampu inafanya kazi. Jaribio la pili: ziba njia ya kushuka na uiache pampu isukume mpaka chumba chake kikauke. Ikiwa chumba kina lita 12, maji ya juu yatapanda sentimita moja na theluthi hivi. Yakifurika, punguza ukubwa wa chumba cha pampu. Majaribio haya hayagharimu chochote, nami siamini tangi lolote ambalo halijayapitia.

Hatua ya 5: Vifaa na umeme

Pampu ya kurudisha inatosha ikiwa inapitisha mara tatu hadi tano ya ujazo wa tangi kwa saa. Ndani ya tangi la juu, pampu ndogo mbili za mawimbi zielekezwe kukutana katikati, zikitoa kwa jumla lita 4,000 hadi 8,000 kwa saa. Usidanganywe na bei ya pampu kuukuu bila kusoma wati zake. Pampu ya wati 80 badala ya ile ya wati 30, ikifanya kazi usiku na mchana, hula uniti 438 za umeme zaidi kwa mwaka mmoja, na tofauti hiyo peke yake mara nyingi hulipia pampu mpya.

Nunua hita mbili za wati 150 badala ya moja ya wati 300. Kasoro ya kawaida ya hita ni swichi yake ya ndani kuganda ikiwa imewaka. Hita kubwa moja ikiganda huwapika samaki; ndogo moja haina nguvu ya kufanya hivyo kwa haraka, na ikifa moja, ya pili hushikilia joto. Lenga nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi na uweke kipimajoto kinachojitegemea, kwa kuwa namba zilizoandikwa kwenye hita si za kuaminika. Mahali penye baridi, kubandika povu gumu nyuma na ubavuni mwa tangi hupunguza sana kazi ya hita. Mahali penye joto, feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa mvuke, bila mashine ya kupoza.

Skima ni kifaa kinachotengeneza mapovu membamba ili uchafu wa samaki ushikamane nayo na kutolewa kama povu la kahawia kabla haujaoza. Nunua iliyotumika, ibadilishe mpira wa pampu yake, iloweke kwenye siki usiku mzima, na itakutumikia kama mpya. Kuhusu taa, kwa samaki na mawe peke yake taa yoyote nyeupe ya LED inafaa. Matumbawe laini yanahitaji taa ya wastani. Matumbawe magumu yanahitaji taa kali na ya gharama, pamoja na kupima kalsiamu na ualkali mara kwa mara, kwa hiyo yaahirishwe kwa mwaka mzima angalau.

Nyaya zote zipinde chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Soketi ziwe ubavuni, juu, kamwe zisiwe chini ya tangi. Na zote zipitie kwenye swichi ya kinga inayokata umeme mara unapovuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na mkono wako utakuwa ndani yake kila wiki.

Hatua ya 6: Maji na chumvi

Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini, kloramini, shaba, fosfeti na nitreti. Klorini huondolewa kwa dawa rahisi, lakini fosfeti hubaki na kulisha mwani usiopendeza kwa miezi, na mwenye tangi hutumia fedha nyingi kupigana na kitu alichokiingiza mwenyewe kwa ndoo. Mashine ndogo ya kusafisha maji kwa osmosisi kinyume (kuyasukuma kupitia utando mwembamba), yenye hatua ya mwisho ya resini, ni ununuzi wa kwanza ambao ningeufanya, hata kabla ya taa. Iambatane na kipimo cha chembe zilizoyeyuka, na maji yanayotoka yasome sifuri. Maji yanayotupwa na mashine hiyo yanafaa kufulia na kudekia.

Changanya chumvi kwenye pipa safi la plastiki la chakula, ukitia chumvi ndani ya maji na si maji juu ya chumvi, kwa sababu ukifanya kinyume kalsiamu huganda na kuwa unga mweupe chini. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa inakosa kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ya bahari. Acha pampu izungushe kwa saa 24, kisha upime. Lengo ni sehemu 35 kwa elfu, ambazo kwa uzito linganifu ni takriban 1.026.

Rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, hata ya bei nafuu hupima vizuri ikisawazishwa kwa kimiminika sahihi, na wengi huisawazisha kwa maji matupu, jambo linaloficha kosa lake kwenye kiwango cha bahari. Unaweza kujitengenezea kimiminika hicho: yeyusha gramu 73 za chumvi safi ya mezani katika gramu 1,927 za maji ya mashine, ukipima kwa mizani ya jikoni. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari yenye sehemu 35 kwa elfu. Rekebisha skrubu ya kifaa mpaka kisome 35, kisha uhifadhi kilichobaki kwenye chupa iliyofungwa vizuri.

Hatua ya 7: Mawe na mchanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Indonesia, alionyesha kwamba matumbawe na samaki wanaweza kuishi katika tangi lenye mawe hai, mapovu ya hewa na mwanga wa jua, bila mitambo mikubwa. Kilichofanya kazi katika matangi yake ndicho kinachofanya kazi hadi leo: ndani ya vitundu vya mawe huishi bakteria wanaobadilisha sumu ya uchafu. Jiwe ndilo kichujio kikuu, na mambo mengine yote husaidia.

Mawe yaliyo hai huuzwa kwa kilo na ni ghali. Nunua kilo 25 hadi 30 za mawe makavu yenye vitundu vingi, mepesi kuliko yanavyoonekana, na utafute kilo mbili au tatu tu za mawe hai kutoka tangi lenye afya la mtu unayemwamini. Hayo machache yatapanda uhai kwenye mengine. Mawe makavu yaliyotumika mara nyingi yana viumbe vilivyokufa ndani yake. Yaloweke nje kwenye sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu kumi za maji kwa siku kadhaa, yasuuze, yaloweke tena kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, kisha yaanike juani mpaka harufu ipotee kabisa. Dawa hiyo isichanganywe na tindikali ya aina yoyote, kwani hutoa gesi ya sumu. Na kamwe usichemshe mawe yaliyotoka baharini au kwenye tangi: baadhi ya zoanthidi, viumbe jamaa ya matumbawe wanaofanana na vifungo vya rangi, wana sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Panga mawe juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo utie mchanga kuyazunguka, ili samaki wanaochimba wasiyaangushe. Acha mapango, na uache nafasi ya sentimita 10 kutoka kila kioo ili sumaku ya kusafishia ipite. Mchanga wa aragoniti wa kina cha sentimita tatu unatosha.

Hatua ya 8: Kusubiri bakteria

Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitraiti, na kundi lingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake ni 8.1 hadi 8.4, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu kuliko katika maji baridi, ndiyo maana hakuna njia ya mkato hapa.

Usitumie samaki kuanzishia. Tia amonia mwenyewe: gramu 2.5 za amoniamu kloridi katika lita 400 hutoa karibu miligramu 2 kwa lita. Asiyeipata aweke kipande cha kamba mbichi ndani ya soksi nyembamba na kukiacha kioze. Pima kila baada ya siku mbili na uandike. Amonia itashuka, nitraiti itapanda na kukaa juu kwa muda unaochosha, kisha nayo itashuka. Kwa mawe makavu, tarajia wiki nne hadi nane. Tangi liko tayari siku ile utakapotia tena miligramu 2 kwa lita, na saa 24 baadaye amonia na nitraiti zote zikasoma sifuri. Katika kipindi hiki chote taa zizimwe. Kufanya hivyo huokoa umeme na huunyima mwani nafasi.

Ukiwasha taa, vumbi la kahawia litafunika mchanga, kisha mwani wa kijani utafuata. Hali hiyo ni ya kupita. Usinunue dawa. Punguza mwanga hadi saa sita kwa siku, tia konokono wachache wa Trochus, na uoteshe mwani wa Chaetomorpha kwenye chumba cha kati cha tangi la chini kwa taa ndogo iwakayo usiku. Mwani huo hufyonza nitreti na fosfeti, nawe unazitoa majini kila unapouvuna kwa mkono.

Hatua ya 9: Samaki

Kila samaki mpya apitie karantini ya wiki nne hadi sita katika tangi tupu la lita 50 lenye kichujio cha sifongo, hita na kipande cha bomba la plastiki la kujifichia. Ugonjwa wa madoa meupe unaosababishwa na Cryptocaryon irritans ukiingia kwenye tangi kuu, hautaweza kutibiwa humo kwa shaba kwa sababu ya mawe na konokono. Itabidi samaki wote watolewe na tangi liachwe bila samaki kwa karibu siku 76. Tangi hilo dogo ndilo bima ya bei ndogo kuliko zote katika mradi huu.

Anza na jozi ya Amphiprion ocellaris, samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe, waliozalishwa na wafugaji, ambao ni wagumu, wanakula chochote na hawakuchukuliwa kutoka baharini. Ongeza samaki mmoja kila baada ya wiki tatu au nne, wapole wakitangulia. Samaki sita au saba wadogo wanatosha kwa lita 400, na kila unayemwongeza zaidi ya hapo anakuongezea chumvi ya kubadilishia maji. Waepuke kikande, ambao hutafuna konokono na kamba wako, na chewa, ambao watawameza wenzao. Usimnunue Labroides dimidiatus, yule msafishaji mwembamba mwenye mstari mweusi, wala samaki mandarini; wengi wao hufa njaa polepole katika tangi changa, na kumtazama samaki akikonda mbele yako huku chakula kikielea juu yake ni jambo la kuhuzunisha. Kangaja wa njano, Zebrasoma flavescens, anaweza kuishi katika urefu wa sentimita 150, lakini aingie wa mwisho, kwa kuwa hujitwalia tangi zima na kuwafukuza wanaomfuata. Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, hukua hadi sentimita 30 na hafai hapa.

Kiumbe chochote utakachoshindwa kukitunza mpe mfugaji mwingine au mrudishie muuzaji. Kisitupwe baharini, hata kama bahari iko karibu.

Hatua ya 10: Matunzo ya kila siku na kila wiki

Kila siku, jazia maji yaliyopungua kwa maji matupu ya mashine. Chumvi haipandi na mvuke, kwa hiyo ukijazia maji ya chumvi utaongeza ukali wake siku hadi siku. Lisha kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili. Hesabu samaki wakati wa kula. Asiyejitokeza atafutwe siku hiyohiyo.

Kila wiki, badilisha lita 40 katika miezi mitatu ya mwanzo, maji mapya yakiwa na joto na chumvi sawa na ya tangi. Ukiona nitreti inabaki chini ya miligramu 10 kwa lita kwa wiki kadhaa mfululizo, unaweza kubadilisha kiasi hichohicho kila baada ya wiki mbili, na hapo matumizi yako ya chumvi yanashuka kwa nusu. Andika vipimo kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu namba moja peke yake haisemi mengi, ilhali mfululizo wa namba huonyesha hitilafu kabla samaki hawajaionyesha.

Mwisho, weka karibu na tangi pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, pamoja na betri za akiba. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, oksijeni huisha kabla joto halijashuka sana. Itumbukize bomba lake majini ndani ya saa moja, usilishe, na ufunike tangi kwa blanketi ikiwa ni msimu wa baridi. Umeme ukirudi, hakikisha kwanza kwamba pampu ya kurudisha imeanza kusukuma na kwamba maji ya tangi la chini yako chini ya ile alama uliyochora.